Uzi maalumu: Kulea mtoto mchanga Dodoma wakati mama ni daktari tarajali

#1 Baba_Iyumbu

Mbukwa wakuu. Uzi huu ni wa familia ambazo mmoja wa wazazi yuko kwenye mwaka wa utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya kumaliza masomo ya udaktari) au anasomea ubingwa hapa Dodoma, na nyumbani kuna mtoto wa chini ya mwaka. Maswali ni yaleyale kila rosta mpya inapobandikwa: likizo ihesabiwe vipi, maziwa yatunzwe vipi, nani akae na mtoto usiku wa zamu, uji uanze na nini. Tuandike saa, mililita na vijiko, ili anayesoma leo jioni aweze kufanya kesho asubuhi.

Naanza na likizo, maana ndiyo inayopanga mengine yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha au zaidi. Taarifa hutolewa walau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Anaruhusiwa kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: ukiondoka wiki 4 kabla, siku 28 zimekwenda na mtoto bado yuko tumboni. Zinabaki 56. Maana yake utarudi wodini mtoto ana wiki 8 tu. Ukiondoka wiki 1 kabla, utarudi akiwa na wiki 11. Kwa unyonyeshaji, tofauti ya hizo wiki 3 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kalenda.

Kifungu cha 20 kinakataza kumpangia mama kazi ya usiku katika miezi 2 baada ya kujifungua. Na akirudi kazini, ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Baba ana siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto.

Someni kwanza mkataba wa utarajali wenyewe. Mkifika kwenye jambo ambalo mkataba uko kimya, hizo ndizo hoja za kwenda nazo kwa mratibu, na mwende nazo kwa maandishi. Mkubaliane mapema pia wodi zitakazobaki zitamalizwa lini, kwa sababu kitabu cha kumbukumbu za kazi ya kila wodi kisipojaa sahihi za wasimamizi, mwaka haufungwi.

#2 NesiWaIlazo

Mkuu umeanza vizuri. Mimi nashika maziwa.

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hutumia wastani wa mililita 750 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo kila saa ambayo mama hayupo, hesabu mililita 30. Mama anayetoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni anaacha mililita 300, zigawanywe kwenye vichupa 4 vya 75. Msijaze chupa kubwa moja, kwa sababu maziwa yakishaguswa na mdomo wa mtoto yanatakiwa kuisha ndani ya saa 2. Yakizidi hapo ni ya kumwaga, na kazi ya nusu saa ya kukamua inapotea.

Akiba ianze wiki 3 kabla ya kurudi kazini. Kila siku alfajiri, baada ya mtoto kunyonya mara ya kwanza, kamua mara moja tu ya ziada. Wakati huo maziwa huwa mengi kuliko jioni. Ukipata mililita 60 kwa siku, baada ya wiki 2 una 840. Hiyo inatosha zamu moja ya saa 24, na bado kuna chenji.

Kukamua kwa mkono, ambako kila mama anatakiwa kukujua hata kama ana pampu ya umeme:

Nawa mikono kwa sabuni. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi dakika 3 hivi, kisha likande taratibu kwa vidole kuelekea kwenye chuchu. Weka dole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita 3 hadi 4 nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kurudi kifuani, halafu bana, halafu achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Vikiteleza unachubua tu, na maziwa hayaji. Matone ya mwanzo huchelewa dakika 1 au 2, msikate tamaa hapo. Yakianza kupungua, zungusha vidole sehemu nyingine ya titi. Matiti yote mawili ni dakika 20 hadi 30.

Kuvuta chuchu yenyewe hakutoi maziwa. Ni kosa linaloonekana kila siku, na linaishia kwenye vidonda.

#3 tarajali_wa_pili

Kwa wodini, ratiba inayowezekana ni hii: nyonyesha saa 12 na nusu asubuhi kabla ya kutoka, kamua saa 4 raundi ikiisha, saa 7 mchana, na saa 10 kabla ya makabidhiano. Dakika 20 kila mara. Hizo mbili za mwisho ukiziruka ukakaa saa 6 au 7 bila kukamua, titi linajaa na kuwa gumu, mwili unapokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, na ndani ya wiki 2 kiasi kinashuka. Halafu watu wanasema "maziwa yamekauka kwa sababu ya mawazo". Mara nyingi yamepungua kwa sababu hayakutolewa.

Siku ya upasuaji kamua dakika za mwisho kabisa kabla ya kunawa na kuvaa gauni, kwa sababu operesheni iliyopangiwa muda wa saa 1 inaweza kuchukua saa 3. Weka pamba au kitambaa safi ndani ya sidiria, na cha kubadilisha kwenye mkoba.

Jambo moja nalisisitiza: usiweke maziwa kwenye friji ya chanjo, ya dawa au ya sampuli. Friji ya chanjo inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, na kila mlango unapofunguliwa joto linapanda. Nunua kiboksi kidogo cha baridi na vibarafu vyake viwili, ugandishe nyumbani usiku. Kwenye kiboksi hicho, vibarafu vikiwa bado vimeganda, maziwa yanakaa hadi saa 24.

#4 Mpwapwa_Kwetu

Swali: nyumbani hakuna friji. Maziwa yanakaa mezani muda gani?

#5 NesiWaIlazo

@Mpwapwa_Kwetu, vipimo vyote hivi ni vya maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mikono na vyombo safi:

Mezani, joto lisilozidi nyuzi 25: saa 4.
Ndani ya friji, nyuma kabisa na si mlangoni: siku 4.
Kwenye friza: miezi 6 ndiyo bora.
Yaliyoyeyushwa ndani ya friji: saa 24. Yakishapashwa: saa 2. Yakishayeyuka kabisa hayagandishwi tena.

Sasa angalia hiyo nyuzi 25. Dodoma ya Juni na Julai inakubali. Dodoma ya Oktoba na Novemba, chumba cha bati mchana kinapita nyuzi 30, kwa hiyo saa 4 zisikudanganye. Bila friji, mpango salama wa miezi hiyo ni kiboksi cha baridi chenye barafu, au mtoto aletwe kwa mama saa 7 mchana, na maziwa yanayoachwa yawe ya kunywewa asubuhi ileile.

Umeme ukikatika: usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika baridi saa 4 hivi. Friza iliyojaa hushika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo maana friza tupu inajazwa chupa za maji, kusaidia kushika baridi. Maziwa ambayo bado yana vipande vya barafu ndani unaweza kuyagandisha tena.

Kupasha: bakuli la maji ya moto kidogo, chupa ndani yake, dakika chache. Usiyaweke jikoni motoni. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, zungusha chupa taratibu yachanganyike.

#6 mkunga_mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu. Nimesoma, naongezea kuhusu kikombe.

Akina mama wengi wa kazini wananunua chupa ya chuchu siku ya kwanza. Kikombe kidogo ni bora. Kinaoshwa chote kwa sabuni, hakina kona ya kuficha uchafu, na mtoto hachanganyikiwi na titi. Anayelisha amkalishe mtoto wima mapajani, amfunge mikono kwa kanga isirushe kikombe, alaze ukingo wa kikombe juu ya mdomo wa chini, maziwa yaguse tu. Asimimine. Mtoto atayalamba au kuyafyonza mwenyewe. Ukimmiminia anapaliwa, na dada wa kazi akiona kapaliwa mara moja tu ataogopa kikombe moja kwa moja. Kwa hiyo mafunzo yafanyike mama akiwa bado likizo, wiki 2 kabla, mlo mmoja kwa siku, na mama akae chumba kingine. Mtoto akinusa mama yupo, kikombe anakikataa.

Na maji. Hapa kwetu jua linawaka na bibi anasema mtoto ana kiu. Chini ya miezi 6 mtoto haongezewi maji, hata Novemba. Maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 88 ni maji. Siku za joto atanyonya mara nyingi zaidi, mwacheni. Kipimo ni nepi: zikilowa 6 au zaidi kwa siku, na mkojo hauna rangi kali, maji yanamtosha. Mwelezeni bibi kwa heshima na kwa sababu, anaelewa. Ukimkataza tu bila kumweleza, atampa ukiwa kazini.

#7 Baba_Iyumbu

Ahsante sana mama. Niongeze la vyombo, maana maji ya Dodoma yana chumvi. Ukichemshia vyombo kwenye sufuria ileile, baada ya wiki unaona ukoko mweupe. Ukoko huohuo unakaa kwenye kile kimpira chembamba cha vali ya pampu, kinashindwa kufunga, na pampu inapoteza nguvu ya kuvuta. Watu wanadhani mota imekufa wanapeleka kwa fundi. Kabla ya hapo, toa kimpira ukiangalie kwenye mwanga: kama kimechanika au kimekakamaa, badilisha hicho tu. Kama kina ukoko, loweka kwenye maji yenye siki au limau nusu saa, suuza, kisha chemsha vyombo vyote dakika 10 vikiwa vimezama.

Maji ya kunywa ya mtoto wa miezi 6 na kuendelea: yachemke hadi yatokote kabisa dakika 1, yafunikwe, yapoe kwenye chombo hichohicho. Siku za mgao wa maji, ndoo ya kuoga na ya vyombo vya mtoto zisibadilishane.

#8 Msomaji_Kisasa

Kuhusu vijidudu vya hospitali? Mama anatoka wodi ya kifua kikuu anambeba mtoto papo hapo.

#9 tarajali_wa_pili

Koti na nguo za wodini zinabaki hospitali au zinaingia kwenye mfuko wa peke yake. Viatu vya wodini havivuki kizingiti. Ukifika: nawa mikono hadi kwenye kiwiko, badilisha nguo, ndipo umbebe. Simu ifutwe pia, maana inashikwa kwenye raundi na kisha inawekwa kitandani kwa mtoto.

Nguo zioshwe kando. Jiki ya asilimia 3.5 kwa nguo nyeupe: mililita 15 kwenye lita 1 ya maji inatoa takriban asilimia 0.05, inatosha. Kwa sakafu iliyomwagikiwa damu au matapishi ni kali zaidi, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji, ambayo ni asilimia 0.5. Hiyo ya pili isiguse nguo wala vyombo vya mtoto. Changanya unayotumia siku hiyo, kesho yake nguvu imepungua.

La kifua kikuu: kinga kubwa iko wodini, kwa barakoa sahihi inayobana uso na madirisha wazi. Kikohozi cha wiki 2, homa za jioni au kupungua uzito, mama apimwe bila kungoja. Mtoto awe amepata BCG, chanjo ya kifua kikuu, ile ya bega la kulia, tangu kuzaliwa.

Kuchomwa sindano. Naandika hili kwa uzito wote. Mama anayenyonyesha akichomwa na sindano ya mgonjwa: osha kwa maji na sabuni bila kukamua jeraha, toa taarifa saa hiyohiyo, dawa za kinga dhidi ya VVU zianze haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72, na zinywewe siku 28. Mwambie anayekuhudumia kwamba unanyonyesha. Maambukizi mapya huwa na virusi vingi kwenye damu na kwenye maziwa, kwa hiyo uamuzi wa kuendelea kunyonyesha au kusimama kwa muda unafanywa mapema, pamoja naye, usiku huohuo. Ile akiba ya friza iliyokamuliwa kabla ya tukio ndiyo inayomvusha mtoto siku hizo. Chanjo ya homa ya ini B, dozi 3 kwa mwezi 0, 1 na 6, imalizwe kabla ya utarajali kuanza.

#10 NesiWaIlazo

Baada ya zamu ya saa 24: mama asirudi akajilaza na mtoto kwenye kochi. Uchovu ule ni hatari, mtoto anabanwa na mto au mwili bila mama kusikia. Utaratibu ni: nyonyesha au kamua, mkabidhi baba au bibi, lala saa 4 hadi 5 mfululizo mlango umefungwa. Mtoto alale chali, godoro gumu, chandarua, bila mito. Kahawa inaruhusiwa, vikombe 2 kwa siku havina shida.

Na jiko la mkaa. Juni na Julai usiku Dodoma ni baridi kweli, na watu wanaingiza jiko chumbani "mtoto apate joto". Gesi ya mkaa haina harufu wala haionekani, na inaua usingizini. Mvalishe kofia, soksi na nguo mbili tatu nyepesi, mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi. Jiko libaki nje.

#11 Baba_Iyumbu

Makabidhiano ya nyumbani yafanywe kama ya wodini. Karatasi moja imebandikwa kwenye friji, mistari mitano: amekula saa ngapi na mililita ngapi, nepi ngapi zimelowa, ameharisha au kutapika, joto kama limepimwa, dawa kama imetolewa na saa ngapi. Chini, namba 3 za simu. Ya mama isiwe ya kwanza siku ya upasuaji, maana simu yake iko kabatini. Iwe ya baba, kisha ya mwenzake wa zamu, kisha ya jirani mwenye gari.

Nyumba pia. Anayefanyia Hospitali ya Benjamin Mkapa akipanga Iyumbu au Ng'hong'honha anapata zile saa 2 za kunyonyesha kweli. Akipanga Nkuhungu, saa hizo zinaishia barabarani. Wa hospitali ya mkoa atafute za katikati ya mji, hata kama chumba ni kidogo.

#12 Mpwapwa_Kwetu

Je, kunyonyesha kunazuia mimba? Tumeambiwa miezi 6 ya kwanza hakuna shida.

#13 mkunga_mstaafu

Kunazuia kwa masharti matatu yakiwepo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu mchana na usiku, bila kupita saa 4 mchana au saa 6 usiku. Mama wa zamu anavunja sharti la tatu wiki ya kwanza tu. Kukamua hakuhesabiki sawa na kunyonya. Kwa hiyo njia nyingine ianze kabla ya kurudi kazini: kijiti, kitanzi, au vidonge vya homoni moja. Vidonge vya homoni mbili visubiri miezi 6, vinaweza kupunguza maziwa.

Kliniki msiiache kwa sababu mama ni daktari. Wiki ya 6, 10 na 14 ni chanjo, miezi 9 na 18 ni surua na rubella, vitamini A kuanzia miezi 6. Kadi asibaki nayo mama kwenye mkoba wa kazini, ikae nyumbani, na baba ajue kumpeleka.

#14 tarajali_wa_pili

Naunga mkono, na naongeza: wazazi madaktari wana tabia ya kumtibu mtoto kwa simu kutoka wodini. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye nyuzi 37.5 au zaidi anapelekwa hospitali, hapewi kitu nyumbani. Anayebaki na mtoto afundishwe kuhesabu pumzi dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 12, ni kumpeleka. Kifua kubonyea, kukataa kunyonya, degedege, kulegea, vilevile. Na aonwe na daktari mwingine, si mama yake.

Kuharisha: ORS (dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini), na zinki siku 10 hadi 14, miligramu 10 chini ya miezi 6, miligramu 20 akizidi hapo. Kunyonya kuendelee.

#15 Msomaji_Kisasa

Uji. Unga wa lishe wa nafaka saba ndio mzuri zaidi?

#16 NesiWaIlazo

Hapana. Nafaka saba hazimpi zaidi ya nafaka moja na kunde moja. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele vyote vinafanya kazi ileile. Zinapochanganywa nyingi, moja ikiwa na ukungu imeharibu unga wote. Hilo mkoa huu unalijua: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara. Kukaanga wala kuchemsha hakuiondoi. Karanga zichambuliwe moja moja, iliyosinyaa, yenye rangi tofauti au ladha chungu itupwe. Saga unga kidogo kidogo, wa wiki 2.

Miezi 6 hadi 8: anza vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, milo 2 hadi 3, upande hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, mara 3 hadi 4. Asali isubiri mwaka.

Uji mwepesi wa kumiminika kwenye chupa ni maji matupu. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Ukiwa mzito sana kwake, tumia kimea cha ulezi: loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 uchipue, anika ukauke, pekecha machipukizi na mizizi yote uyapepete, saga. Pika uji mzito, uepue, upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua, ndipo utie kijiko 1 cha chai cha kimea kwa kikombe na ukoroge. Utauona unalainika mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, bila kuongeza tone la maji. Urudishe motoni utokote kidogo, upoe, alishwe. Ukitia kimea uji ukiwa unachemka hakitafanya kazi, joto limekiua.

#17 Mpwapwa_Kwetu

Mtama unafaa kwa kimea badala ya ulezi? Huku mtama ndio uliojaa.

#18 mkunga_mstaafu

Ulezi ni salama zaidi mwanangu. Machipukizi ya mtama yana sumu. Kama huna budi, yatolewe yote kabisa kabla ya kusaga, usiyapitie harakaharaka. Ulezi kilo 1 unatoa kimea cha kukutosha muda mrefu, kiweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

#19 Baba_Iyumbu

Ile karatasi ya friji naipanga vizuri kesho niibandike hapa, mistari mitano na namba tatu, nafasi ya zamu ya mchana na ya usiku. Mwenye kuongeza mstari wa sita aseme kabla ya saa 2 usiku.

#20 tarajali_wa_pili

Mstari wa sita: maziwa yaliyobaki ni vichupa vingapi, na tarehe ya kila kimoja. Kilichotangulia kukamuliwa kitangulie kutumika.